Redio ya Usharika na Intaneti: Waya ni Rahisi, Bando Linahitaji Mpango



Ofisi ya miradi imekuwa ikipokea maombi yanayofanana kutoka kwa kamati za sharika zilizoko mabondeni. Wanaomba kununuliwa "redio ya intaneti" ili wazee, wagonjwa na vikundi vya akina mama waweze kusikiliza mahubiri, mafundisho na taarifa za kilimo na afya ambazo redio zao haziwezi kuzipata. Aidha, marafiki wetu wa ng'ambo wameuliza iwapo watume vyombo vya aina hiyo. Katika toleo hili tunapenda kujibu pande zote mbili kwa pamoja.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: sharika nyingi tayari zina chombo kinachofaa. Ile amplifaya ya kwaya, au sabufa iliyopo nyumbani kwa mwinjilisti, inaweza kupokea redio ya intaneti leo hii kwa msaada wa simu ya kisasa na waya mmoja wa bei ndogo. Jambo linalokosekana mara nyingi ni mpango wa kulipia usikilizaji kila mwezi.

Kwa nini redio haishiki bondeni

Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi, yaani kwa mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima, upande wa pili hubaki kivulini. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, ilhali Mombo, mahali ambapo barabara ya kupanda milimani inaanzia, iko chini karibu mita 1,000 zaidi. Kati ya hapo ni migongo na mabonde matupu. Ndiyo maana anayekaa ukingoni kule Mtae, akiitazama nyika ya Mkomazi, anaweza kunasa vituo vya mbali, wakati jirani yake aliyeteremka bondeni kuchota maji anasikia mvumo tu. Hali kadhalika, kati yetu na Moshi imesimama milima ya Upare.

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani tatizo hili lilikuwa dogo. Kuanzia mwaka 1963, Redio Sauti ya Injili, iliyoanzishwa na Fungamano la Kilutheri Duniani, ilirusha matangazo kutoka Addis Ababa kwa masafa mafupi. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, hivyo huruka milima. Vipindi vya Kiswahili viliandaliwa katika studio ya Moshi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo hicho, na sauti hiyo ikakatika. Tangu hapo vituo vingi vimehamia FM, ambayo ina sauti safi lakini haijui kupanda mlima.

Intaneti inapitaje

Katika redio ya intaneti, kompyuta ya kituo huibana sauti na kuituma vipande vipande. Vipande hivyo hupita katika nyaya za mawasiliano mpaka kwenye mnara wa simu ulio karibu nawe, na simu yako huviunganisha tena kuwa sauti. Uwezo huu uliongezeka sana nchini baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009.

Hata hivyo, mlima haujaondoka. Mawimbi ya simu nayo huzibwa na migongo ya milima. Tofauti ni kwamba minara ya simu ni mingi na iko karibu na vijiji. Kwa hiyo, kabla kamati haijanunua chochote, ipime mtandao palepale patakapotumika na saa ileile itakayotumika. Mtandao wa Jumanne usiku si mtandao wa Jumapili saa nne asubuhi, wakati kila mtu ameshika simu. Sikilizeni kwa dakika 30. Sauti ikikatika zaidi ya mara moja au mbili, jaribuni laini ya kampuni nyingine.

Hatua za kuunganisha

1. Tafuteni waya wenye pini moja ndogo ya simu upande mmoja, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Fundi redio yeyote anao. Simu isiyo na tundu la spika za masikioni itahitaji kiunganishi kidogo kinachoingia kwenye tundu la kuchajia.

2. Zimeni amplifaya. Chomekeni pini mbili nyuma yake kwenye matundu yaliyoandikwa AUX, LINE IN, TAPE au CD. Msitumie tundu la PHONO, kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya santuri na sauti itakwaruza. Tundu la MIC nalo halifai kwa sababu hiyohiyo.

3. Washeni amplifaya sauti ikiwa chini kabisa, kisha chagueni kwenye swichi jina la tundu mlilotumia.

4. Fungueni kituo kwenye simu, pandisheni sauti ya simu hadi robo tatu, ndipo mpandishe ya amplifaya taratibu.

Sabufa nyingi za sasa zina Bluetooth, na hizo hazihitaji waya. Lakini waya hauchagui simu, na ukikatika fundi huutengeneza kwa muda mfupi.

Matatizo ya kawaida

Sauti ikiunguruma, chomoeni chaja ya simu. Mara nyingi mngurumo unatokana na simu na amplifaya kutumia umeme wa ukuta kwa pamoja. Chajini simu kabla ya kipindi.

Mkisikia mlio wa "ti-ti-ti" kwenye spika, simu iko karibu mno na amplifaya. Kama kanisa lina kuta nene na mtandao uko dirishani tu, wekeni simu moja dirishani igawe intaneti kwa waifai, na nyingine iunganishwe na amplifaya.

Simu ikipigwa katikati ya sala, mlio wake utasikika kanisa zima. Kwa sababu hiyo tunashauri laini ya usharika, isiyo na namba inayojulikana kwa watu, na si simu ya mchungaji.

Pia fahamuni kwamba matangazo ya intaneti huchelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika au zaidi, ukilinganisha na FM. Msirekebishe saa ya kanisa kwa kufuata mlio wake.

Hesabu ambayo kila mtunza hazina aijue

Kituo kinachorusha sauti kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia kama MB 29 kwa saa. Kinachorusha kwa kilobiti 128 hutumia kama MB 58. Kikundi kinachosikiliza saa moja kila Jumapili kwa kasi ndogo kitatumia kama MB 115 kwa mwezi wa Jumapili nne, kiasi ambacho sadaka ndogo inaweza kukibeba. Lakini redio ikiachwa wazi saa mbili kila siku kwa kasi kubwa, mwezi mmoja utameza karibu GB 3.5. Kituo chenye chaguo la kasi ndogo kitumike hivyo. Mahubiri ya mtu mmoja anayesema hayapungukiwi na kitu. Video, ambayo hula bando mara nyingi zaidi, isifunguliwe kwa laini hiyo.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Gharama ya redio ya kawaida huisha siku ya kuinunua, ukiacha betri. Gharama ya redio ya intaneti huanza siku hiyo.

Jambo hili tulijifunza kwa kukosea. Usharika wetu mmoja ulipata redio nzuri ya intaneti kupitia mradi tuliouandika sisi wenyewe. Ilisikika vizuri kwa miezi miwili. Kisha bando likaisha, na hapakuwa na mtu aliyepangiwa kulinunua. Chombo kikafungiwa stoo. Mzee mmoja asiyeona, aliyekuwa akiletwa na mjukuu wake kusikiliza, alikuja Jumapili tatu mfululizo akikuta kimya. Tulipokwenda kumwomba radhi, alituuliza kama redio imepona. Haikuwa imeugua. Andiko letu lilikuwa na kifungu cha kununua na halikuwa na kifungu cha kuendesha.

Kwa marafiki wanaotaka kutuma vyombo

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba mzingatie mambo mawili kabla ya kusafirisha. Kwanza, umeme wetu ni volti 230, na chombo cha Marekani kilichotengenezwa kwa volti 120 pekee kitaungua siku ya kwanza. Pili, redio nyingi za intaneti hutegemea orodha ya vituo inayotunzwa na kampuni fulani. Huduma ikifungwa, redio hubaki bila orodha hata kama ni nzima. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2021 huduma ya Reciva, iliyotumiwa na redio za watengenezaji mbalimbali, ilipofungwa. Simu ikiharibika au programu ikizeeka, nyingine hupatikana madukani hapa hapa.

Kwa hiyo, anayetaka kusaidia asaidie bando la mwaka mzima kwa usharika ambao kamati yake imeahidi kuchangia sehemu, au betri na paneli ya jua kwa mitaa isiyo na umeme.

Tunachoomba kutoka kwa kamati

Mahali ambapo FM inashika vizuri, endeleeni na FM. Haina bando, na kila nyumba inaweza kuimudu. Mahali palipo kivulini, tuleteeni ombi lenye mambo manne: matokeo ya kupima mtandao, jina la mtu atakayetunza simu na laini, hesabu ya MB kwa mwezi, na kiasi ambacho usharika utachangia. Kama usharika unafikiria kurusha ibada zake wenyewe mtandaoni, hilo ni jambo jingine. Tafadhali uliza kwanza TCRA kuhusu leseni, na uwasiliane na ofisi ya dayosisi kabla ya kuanza.

Mwisho, tukumbuke kwamba spika haimtembelei mgonjwa wala haimshiki mkono. Mzee wa kanisa bado anahitajika afike. Lakini siku ambazo hafiki, na ni nyingi katika milima hii wakati wa masika, ni vema sauti iwepo, na iwepo pia mwezi ujao.