Kabla Hujalipa Kianzio cha Ukumbi

Kamati nyingi za harusi mjini Bariadi, mkoani Simiyu, huanza na MC, wakafuata mpambaji na sare. Ukumbi hukumbukwa kadi zikiwa njiani kwenda kuchapwa. Hapo mambo yameshageuka kichwa chini miguu juu, kwa kuwa ukumbi ndio unaoamua waalikwe watu wangapi, na idadi hiyo ndiyo inayoamua chakula, vinywaji, hata ukubwa wa keki.

Tuanze na tarehe. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei. Wakulima wakishalipwa, ahadi za michango nazo hulipika, ndiyo maana Jumamosi za baada ya hapo hugombewa. Anayeitaka ya Julai na aulizie ukumbi pamba ingali shambani. Agosti ina mtego wake: maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nyakabindi, ambako yalifanyika kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Wiki hiyo ukumbi unaweza kuupata, lakini shangazi anayetoka Dar es Salaam atalala wapi ikiwa nyumba za wageni zimejaa waoneshaji?

Tena usilipe chochote kabla paroko, mchungaji, shehe au ofisi ya serikali haijaithibitisha tarehe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu.

Sasa ukubwa. Mwenye ukumbi atakwambia, “Huu unaingiza watu 400.” Anahesabu viti vya plastiki ukuta hadi ukuta, ukumbi ukiwa mtupu. Nenda na futi kamba. Tuseme umepata urefu wa mita 20 na upana wa mita 12: hizo ni mita za mraba 240. Toa jukwaa la maharusi, meza kuu, meza za chakula, sehemu ya muziki, njia ya kupita na mahali pa kucheza. Mita 70 zimekwenda. Katika 170 zilizobaki, mgeni wa kiti cha safu huhitaji kama robo tatu ya mita ya mraba, kwa hiyo wataenea watu 220 hivi. Ukitaka meza za duara, kila mgeni hula takriban mita moja na nusu, nawe umebaki na watu 110. Kadi 100 za “double” tayari ni watu 200. Wengine watakula wamesimama mlangoni, na hao ndio watakaoisimulia harusi yenu mwaka mzima.

Wanaopenda sherehe ya uwanjani, chini ya maturubai, waitazame ardhi kabla ya kutazama maua. Sehemu kubwa ya Simiyu ina udongo mweusi wa mbuga: ukikauka unapasuka nyufa, ukinyeshewa unanata kama gundi na kumeza magurudumu. Mvua za Novemba au Machi haziombi kadi ya mwaliko.

Ukiwa ukumbini, uliza pia ni nani atakayeutumia Ijumaa. Kukiwa na semina hadi jioni, mpambaji ataingia Jumamosi asubuhi na kitambaa cha mwisho kitafungwa wageni wakiwa wameketi. Washa jenereta uisikie inavyounguruma. Usiridhike na kuoneshwa ilipo. Ulizia kama mpishi wa nje na vinywaji vya nje vinatozwa, maana kumbi zenye baa mara nyingi hapo ndipo zinapofidia bei iliyoonekana nafuu.

Linalopuuzwa kuliko yote ni maandishi. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini utayathibitishaje mwenye ukumbi akishampa mwingine siku yako? Karatasi moja inatosha: tarehe, saa ya kukabidhiwa na ya kutoka, idadi ya viti na meza, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Mhazini adai risiti yenye jina la maharusi, kwa sababu kamati huvunjwa na wajumbe hutawanyika.

Ndani ya karatasi hiyo wekeni mistari miwili ambayo watu huona haya kuitaja. Wa kwanza ni wa msiba: familia ikifiwa, kianzio kihamie tarehe nyingine ndani ya miezi sita, kisipotee. Wa pili unamhusu mwenye ukumbi: akiwanyima ukumbi, arudishe fedha yote na kulipia tofauti ya bei ya ukumbi mtakaoukimbilia. Akikataa kuusaini huo wa pili mbele ya kamati, ondokeni na kianzio chenu mfukoni.