Mvua ya Bisibo na Mabadiliko ya Tabianchi

Wakulima wa Bisibo, wilayani Biharamulo, hulima kwa kutegemea mvua. Mvua ikikatika mapema, mahindi na maharage hukauka kabla ya kuzaa, na jamaa isiyo na akiba ghalani hukosa chakula.

Hali ya hewa ni jinsi jua, mawingu, upepo na mvua vilivyo leo. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa miaka mingi, aghalabu 30. Kwa hiyo mwaka mmoja wa ukame hautoshi kuonyesha kwamba tabianchi imebadilika.

Kwa nini tabianchi hubadilika?

Jua huipasha dunia joto, nayo dunia hulirudisha joto hilo angani. Gesi ya kabonidayoksaidi huzuia sehemu ya joto lisitoke, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili usiku. Kabla ya mwaka 1750, katika kila sehemu 10,000 za hewa, gesi hiyo haikufikia sehemu 3. Leo imezidi 4. Ongezeko hilo limetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na pia kukata misitu. Sehemu kubwa ilitoka katika nchi zenye viwanda vingi. Mkulima wa jembe la mkono amechangia kidogo sana. Hata hivyo, asiye na akiba huumia upesi zaidi.

Miti na udongo

Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia wilaya jirani ya Ngara. Walihitaji kuni za kupikia, na miti mingi kuzunguka kambi ya Benaco ilikatwa. Udongo usio na miti huchukuliwa na maji ya mvua, na haukai na unyevu kwa muda mrefu. Kupanda miti hakutaleta mvua kesho, lakini huhifadhi udongo na maji.

Jaribio: Kupima mvua

1. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba.
2. Kila siku saa 3 asubuhi, pima kina cha maji kwa rula, kwa milimita. Kisha mwaga maji.
3. Andika kipimo katika daftari la darasa. Mwisho wa mwaka, wakabidhini daftari wanafunzi wanaowafuata.

Maswali

1. Hali ya hewa na tabianchi hutofautianaje?
2. Kwa nini daftari la mwaka mmoja halitoshi?
3. Waulize wazee: zamani mbegu zilipandwa mwezi gani?