Kifauongo hakifi bure

Mkulima akikuta kifauongo shambani hukipiga jembe, na ana haki yake: miiba huchoma miguu, na mizizi haing'oki kirahisi. Hata hivyo sijui mmea mwingine mdogo unaoonesha kwa macho matupu, bila darubini wala umeme, kwamba mimea ina hisi na ina hesabu zake. Kila shule ingefaa kuwa na chungu chake cha kifauongo.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ila sasa kimeenea karibu kila nchi ya joto. Ni ndugu wa kunde na choroko. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alikipa jina la kisayansi, Mimosa pudica, mwaka 1753. Ua lake ni kitufe cha rangi ya waridi chenye upana wa takriban sentimita 1, na kinacholipendezesha si petali bali nyuzi za chavua za maua mengi madogo yaliyosongamana.

Chukua pini uguse kwa upole kijani kimoja cha nchani. Kitafumbana na pacha wake, kisha jozi inayofuata, kisha nyingine, wimbi likirudi nyuma kuelekea kwenye kikonyo. Ukigusa kwa nguvu zaidi, kikonyo chenyewe huanguka ghafla kama bawaba iliyolegea. Pale kikonyo kinapoungana na shina pana kifundo kilichovimba, na humo ndimo kazi inamofanyika. Mguso huamsha mkondo wa umeme. Ayoni za potasiamu na kloridi hutoka ndani ya seli za upande wa chini wa kifundo, maji huzifuata, seli zikanywea na jani likashuka. Baada ya robo saa hivi maji hurudi na jani hunyanyuka tena.

Faida yake? Mwaka 2022 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyotengeneza vifauongo visivyo na vifundo hivyo. Panzi walivila zaidi kuliko vile vinavyojikunja. Lakini kujikunja kuna gharama, maana jani lililofumbwa hupata mwanga kidogo. Ndiyo maana jaribio la mtafiti Monica Gagliano na wenzake, lililochapishwa mwaka 2014, linanivutia sana. Waliangusha vyungu vya kifauongo tena na tena kutoka kimo cha sentimita 15, pasipo kuviumiza. Mimea iliacha kujikunja, na karibu mwezi mmoja baadaye ilikuwa bado haijishughulishi na anguko lile. Iliyokuzwa kwenye mwanga hafifu ilizoea haraka zaidi: yenye uhaba wa chakula haiwezi kumudu kufumba majani ovyo.

Kukipanda ni rahisi, ila ganda la mbegu ni gumu. Chuma vitumba vilivyogeuka kahawia, toa mbegu, zisugue kidogo kwa msasa au zimwagie maji ya moto na uziache zilowe usiku kucha. Zilizovimba ndizo za kupanda. Zifukie nusu sentimita tu katika udongo wa kichanga uliochanganywa na samadi kidogo, uweke chungu juani na udongo ubaki na unyevu bila kutuama maji. Samadi isizidi, kwa kuwa mizizi hufuga bakteria wanaovuna naitrojeni hewani. Sehemu za baridi mmea hukua polepole, na mwendo wa majani yake huwa mzito.

Usikihamishie malishoni. Vitumba vina nywele ngumu zinazonasa kwenye nguo na manyoya ya wanyama, na mbegu hukaa udongoni miaka mingi zikingoja nafasi, kwa hiyo kata vitumba kabla havijakauka, ubakize vichache vya kupandia msimu ujao.

Kisha wape wanafunzi vyungu viwili, kimoja kilichokulia juani na kingine kivulini. Waviangushe juu ya sponji laini kutoka kimo kilekile, mara nyingi mfululizo, waandike kila mara majani yalifumba kwa kiasi gani. Wakimaliza waguse kila mmea kwa kidole: ukijikunja, basi haukuwa umechoka, umezoea tu anguko.