Fadhili si ufadhili

Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa maneno yale yale: fadhili zake ni za milele. Anayeisoma peke yake, kimyakimya, huchoka mapema. Akifika katikati huanza kuruka. Lakini aliyekulia kwenye mashairi ya Kiswahili hana haja ya kuelezwa: hiki ni kibwagizo. Mmoja anatoa, umati unapokea. Kwa Kiebrania ni maneno matatu tu, na neno linalokibeba ni hesed.

Watafsiri wa Biblia ya Union ya mwaka 1952 waliliandika "fadhili" katika zaburi hiyo. Kwenye Maombolezo 3:22 wakaweka "huruma". Kwenye Hosea 6:6 wakarudia "fadhili", ila Yesu anapoyakumbusha maneno hayo hayo katika Mathayo 9:13 tunasoma "rehema", kwa sababu Injili imetufikia kwa Kigiriki, na Kigiriki kilikuwa kimekwisha kuchagua eleos. Basi msomaji wetu hukutana na neno moja lililovaa kanzu tatu tofauti, na hana njia ya kujua kwamba ni lile lile.

Kuna tatizo jingine linalonisumbua zaidi. Siku hizi mfadhili ni anayelipia mradi. Mradi una mwanzo na mwisho, unadai ripoti, na mfadhili asiporidhika hujitoa. Naamini wengi wetu tunamshukuru Mungu kwa mtindo huo: tunataja tulichopokea mwaka huu, kisha moyoni tunaogopa kwamba tukikosea, fungu la mwakani halitakuja.

Hesed ni nini hasa? Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9, kinaieleza kuliko kamusi yoyote. Yonathani, mwana wa mfalme Sauli, alikuwa amemwomba rafiki yake Daudi asiache kamwe kuitendea hesed nyumba yake, na wawili hao wakafanya agano. Baadaye Sauli na Yonathani wakafa vitani, Daudi akawa mfalme. Wafalme wapya wa zama zile walikuwa na desturi ya kuwamaliza watoto wa mfalme aliyetangulia. Daudi akauliza kama amebaki yeyote wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea hesed kwa ajili ya Yonathani. Akaambiwa yuko Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mlemavu wa miguu yote miwili: alipokuwa na miaka mitano, siku habari za msiba zilipofika, yaya wake alikimbia naye, mtoto akaanguka. Alikuwa akiishi katika nyumba ya mtu mwingine, huko Lo-debari. Akaja akianguka kifudifudi. Daudi akamrudishia mashamba yote ya babu yake, akampa nafasi mezani pa mfalme siku zote.

Mefiboshethi hakuwa amefanya lolote. Hakuwepo hata agano lilipofanywa. Aliyemwahidi baba yake alikuwa amelikumbuka neno lake, basi. Waebrania waliposema kwamba hesed ya Mungu ni ya milele, walimaanisha uaminifu wa namna hiyo, na ndiyo maana waliweza kumtumaini Mungu hata katika miaka ambayo mikono ilikuwa mitupu.

Tazama kibwagizo chenyewe kilikopita. Kiliimbwa mfalme Sulemani alipoliweka wakfu hekalu, dhahabu iking'aa. Hapo hakuna la kushangaza. Lakini Mambo ya Nyakati ya Pili, sura ya 20, inasimulia kwamba mfalme Yehoshafati, akikabili jeshi lililomzidi, aliwatanguliza waimbaji mbele ya askari, nao wakaanza kukiimba kabla vita havijaamuliwa. Kisha kuna nabii Yeremia. Amefungwa katika uwanja wa walinzi, Wababeli wameuzingira Yerusalemu, na nyumba za mjini zimebomolewa ili zisaidie kuulinda mji. Katika sura ya 33 anatangaza kwamba mahali hapo hapo patasikika tena sauti ya bwana arusi na bibi arusi, na sauti ya watu wanaokiimba kibwagizo kile wakileta sadaka ya shukrani. Mji ulianguka mwaka 586 KK, hekalu likachomwa.

Sadaka hiyo ya shukrani ilikuwa na sharti ambalo wahubiri wachache hulitaja. Nyama ya sadaka ya nadhiri au ya hiari iliweza kuliwa hata siku ya pili. Ya shukrani, kwa mujibu wa Walawi 7, ililiwa siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Familia moja haimalizi fahali kwa siku moja. Ilibidi mwenye kushukuru aite majirani, na majirani wakija lazima waulize kuna nini, naye asimulie. Anayefundisha kwamba shukrani ni mbegu unayoipanda ili uvune mara mia kwa faida yako mwenyewe, ajibu kwanza kuhusu nyama hiyo.

Watu waliochukuliwa mateka waliporudi kutoka Babeli waliweka msingi wa hekalu la pili. Msingi tu, kuta hazikuwepo. Ezra, sura ya 3, anaandika kwamba makuhani na Walawi walikiimba kibwagizo kile kile, wengi wakapiga kelele za shangwe, na wazee walioliona hekalu la kwanza wakalia kwa sauti kuu. Hakuna aliyewanyamazisha. Mtu hakuweza kutofautisha kilio na shangwe, na kelele zilisikika mbali.

Kwa hiyo, mchungaji unayeandaa ibada ya shukrani, na wewe unayeketi kwenye benchi: siku hiyo atakuwepo mjane, atakuwepo aliyefukuzwa kazi. Msiwalazimishe kutabasamu. Waacheni walie, na waimbe pamoja nanyi.