LINDA MASIKIO, UTALINDA NA AKILI

Ndugu mfanyakazi,

Ukifikiri juu ya uzee, unafikiri mgongo na magoti. Masikio je?

Mashini ya kutoboa mawe na kinu cha kuyasaga hupiga kelele kupita desibeli 85. Ukikaa ndani ya kelele hiyo saa 8 kwa siku, mwaka kwa mwaka, chembe ndogo za ndani ya sikio zinazotusikilizisha zinakufa. Zikikufa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Pima hivi: mwenzako akisimama meta moja tu mbele yako, nawe unalazimika kupaza sauti, kelele hiyo ni ya hatari. Nawa mikono, vaa vizibo vya masikio mbele ya kuingia, wala usivitoe mpaka umetoka.

Hasara haibaki kwenye kazi. Mzee asiyesikia huchoka kuuliza: «Umesema nini?» Anaacha mazungumzo, anakaa peke yake, na akili inalala. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika gazeti la waganga The Lancet walihesabu kutosikia vizuri kati ya mambo yanayozidisha hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni.

Na wewe mama, kama baba anafungulia redio kwa sauti kubwa, ao anajibu neno usilouliza, usimcheke. Mwambie aende kwa munganga apimwe masikio. Kuna vyombo vya kusaidia kusikia.

Kizibo ni kidogo, lakini kinakuwekea sauti za wajukuu wako.