Fahamu: Kwa nini kompyuta ya mezani hugoma baada ya kuongezwa RAM

Umeongeza RAM, umebonyeza swichi, feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi. Mara nyingi hakuna kilichoungua. RAM ni kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zinazoendelea. Kompyuta isipoisoma, haiwaki.

Haijakaa sawasawa

Anza hapa. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha kuondoa umemetuli, toa kipande kisha kirudishe ukikisukuma ncha zote mbili mpaka vibanio vijifunge. Nguvu inayohitajika huwashangaza wengi, na ndiyo maana kosa hili ni la kawaida mno.

Aina zisizoingiliana

DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo la katikati haliko mahali pamoja. Kipande kikikataa kuingia, usilazimishe: utavunja tundu.

Subira

Kompyuta za DDR5 huipima kumbukumbu mpya kwanza, na giza linaweza kudumu dakika kadhaa. Usiizime haraka.

Bado kimya?

Jaribu kipande kimoja kimoja, katika tundu linaloelekezwa na kitabu cha madabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Kimoja kikigoma peke yake katika tundu ambalo kingine kinafanya kazi, huenda ndicho kibovu. Vyote vikigoma, rudisha mipangilio ya awali ya BIOS (programu inayoanzisha kompyuta) kwa kutoa betri ya duara ya madabodi kwa dakika chache, waya wa umeme ukiwa umechomolewa.

Imewaka, lakini inajizima

Pima kwa programu ya MemTest86, hata usiku kucha. Na kama GB za RAM zinazoonekana ni pungufu, kagua Windows: ya kawaida ya biti 32 haivuki GB 4.