Nyumba za kupangisha mipakani: hesabu ya kufanya kabla ya kuchimba msingi

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wakipata fedha ya ziada hukimbilia kununua kiwanja na kuinua vyumba vya kupangisha. Ni uamuzi unaoeleweka. Lori huchakaa, mzigo huweza kukwama forodhani na mteja wa mkopo huweza kutokomea, lakini nyumba hubaki pale pale. Hata hivyo, nyumba nyingi za kupangisha katika miji ya mipakani hujengwa kwa kuangalia shughuli za barabarani tu, bila kujiuliza ni nani hasa atakayelala humo mwaka mzima.

Mtu anayefika Tunduma, Busia au Namanga huona foleni ya malori, madereva, mautingo na wabeba mizigo, akajumlisha kwamba wote hao ni wapangaji. Sivyo. Dereva hulala kwenye gari lake au kwenye gesti kwa siku mbili tatu, kisha huondoka. Hizo ni biashara mbili tofauti: gesti huuza usiku mmoja, nyumba ya kupangisha huuza mwezi.

Zaidi ya hapo, foleni yenyewe inapigwa vita na serikali zote za eneo hili. Vituo vya pamoja vya huduma mpakani vya Holili na Taveta, pamoja na Rusumo, vilizinduliwa mwaka 2016, Busia na Namanga 2018, na Tunduma na Nakonde 2019. Lengo lake ni gari lisimame mara moja tu, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja upande wa nchi linakoingia. Foleni bado hutokea, Tunduma hasa, lakini sera ni kuipunguza. Msafirishaji anayepigania mzigo wake utoke mpakani kwa saa chache, kisha akajenga gesti inayotegemea mzigo huo ukae siku nne, anashindana na nafsi yake.

Mpaka pia unaweza kufungwa. Gatuna, upande wa Rwanda, ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi Januari 31, 2022. Kwa karibu miaka mitatu, aliyejenga Katuna, upande wa Uganda, kwa kutegemea wapita njia alikaa na majengo yasiyo na watu. Anayekopa ili ajenge mpakani ajiulize kama anaweza kulipa marejesho ya benki walau miezi sita bila kodi kuingia.

Mpangaji wa kweli wa mji wa mpakani ni mwalimu, muuguzi, askari, karani wa wakala wa forodha, fundi magari, mwenye duka la vipuri. Watu hao hawatafuti kulala jirani na geti la forodha. Wanatafuta maji yasiyokatika, choo cha ndani, usalama na shule iliyo karibu. Ndiyo maana chumba masta kilicho mitaa miwili nyuma ya barabara kuu mara nyingi hukaa na mtu muda mrefu kuliko chumba cha kawaida kinachotazama maegesho ya malori. Kabla ya kununua, mnunuzi atembee mtaa huo siku kadhaa, ahesabu milango iliyofungwa kwa kufuli, na aulize wapangaji wenyewe, si dalali, chumba kilichohamwa hukaa wazi muda gani.

Hesabu ya pato halisi

Kosa la pili la anayeanza ni kuzidisha kodi ya mwezi mara kumi na mbili na kuishia hapo. Chukulia mfano wa mtu aliyetumia shilingi milioni 36 za Tanzania kwa kiwanja na vyumba sita, kila kimoja kikipangishwa kwa shilingi 60,000. Kwa mwaka ni shilingi 4,320,000, sawa na asilimia 12 ya mtaji. Fedha yote itarudi baada ya miaka minane na miezi minne, atajiambia, na hapo ndipo wengi huagiza matofali.

Sasa toa. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka, zinapungua 360,000 na kubaki 3,960,000. Ukarabati, rangi, vitasa na kunyonya choo, 450,000. Msimamizi anayekusanya kodi, kwa asilimia 10, ni 396,000, na kodi ya mapato ya pango kwa asilimia 10 nyingine ni 396,000. Kodi ya jengo ni 18,000. Zinazobaki ni shilingi 2,700,000, yaani asilimia 7.5, na mtaji utarudi baada ya miaka kumi na tatu na ushei. Hapo riba ya mkopo bado haijaguswa. Anayekopa kwa riba ya asilimia 16 ili ajenge nyumba inayoleta 7.5 atakuwa analipa tofauti hiyo kutoka kwenye biashara yake nyingine.

Hiyo haina maana kwamba nyumba ni biashara mbaya, kwa kuwa kiwanja huweza kupanda thamani na kodi huweza kupandishwa. Maana yake ni kwamba nyumba ni mahali pa kuweka faida, si mtaji wa kuzungushia biashara. Fedha inayonunua mchele au saruji huweza kuzunguka mara kadhaa kwa mwaka. Ikishafukiwa kwenye msingi haitoki, na mfanyabiashara wa mpakani asiye na fedha taslimu siku bei inapokuwa nzuri hana biashara.

Viwango vya kodi hutofautiana kila upande wa mpaka na hubadilika kwa sheria za fedha za kila mwaka. Kenya, tangu Januari 2024, mkazi anayepangisha nyumba za kuishi na kupata zaidi ya Sh 288,000 hadi Sh milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, bila kutoa gharama, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30. Uganda humtoza mtu binafsi asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi Sh 2,820,000 za Uganda kwa mwaka. Tanzania, kampuni inayopanga hukata asilimia 10 ya kodi kabla ya kumlipa mwenye nyumba aliye mkazi, na asilimia 15 kwa asiye mkazi.

Ardhi ni ya nani

Wapo wanaodhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungua ardhi kama ilivyofungua bidhaa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inasema wazi katika ibara ya 15 kwamba masuala ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi. Tanzania haimmilikishi ardhi asiye raia, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, humpa ukodishaji usiozidi miaka 99, na shamba lililo chini ya sheria ya udhibiti wa ardhi ya kilimo haliuzwi kwa mgeni bila msamaha maalumu. Uganda nayo humkodishia tu, isiyozidi miaka 99.

Kutokana na hali hiyo imezuka njia ya mkato: kiwanja kinanunuliwa kwa jina la shemeji, rafiki au dereva aliye raia wa upande wa pili. Hakuna hatari kubwa kuliko hii katika biashara nzima. Mwenye jina akifariki, warithi wake huona hati yenye jina la marehemu wao na nyumba yenye wapangaji, na mgeni aliyetoa fedha hawezi kwenda mahakamani kudai kitu ambacho sheria haikumruhusu kumiliki. Mkenya anayetaka nyumba ya kodi Namanga ajenge upande wa Kajiado, na Mtanzania ajenge upande wa Longido. Wapangaji wapo pande zote mbili.

Hata kwa raia, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa au kijiji si hati. Upekuzi ufanyike ofisi ya ardhi, na mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Kwa miji iliyokua kandokando ya barabara kuu, ulizia hifadhi ya barabara. Tanzania, sheria ya barabara ya mwaka 2007 inaweka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Fremu za maduka zinazouzwa kwa sifa ya kuwa "barabarani kabisa" ndizo hukutwa asubuhi zimepigwa alama ya X nyekundu.

Mkataba

Upande wa Kenya, anayejenga maduka afahamu kwamba upangaji wa duka, hoteli au mgahawa usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, hulindwa na sheria. Mwenye jengo hawezi kumtoa mpangaji wala kupandisha kodi bila notisi ya angalau miezi miwili, na mpangaji akipinga shauri huenda kwenye baraza la upangaji wa majengo ya biashara. Ndiyo sababu mawakili huko huandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu au sita.

Upande wa Tanzania, tangu Machi 2025 ni kosa kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kodi ya chumba Tunduma haipangwi tena kwa kwacha wala dola. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo bado ipo. Inampa mwenye nyumba fedha mapema, lakini wanaoimudu ni wachache, na mji wa mpakani una vijana wengi wanaolipwa kwa wiki. Mwenye vyumba anayepokea miezi mitatu mara nyingi hujaza mapema kuliko jirani anayesubiri wa mwaka.

Kodi ya jengo nayo tangu 2021 hukatwa kwenye luku, na kiwango chake sasa ni Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme kwa kawaida ni mpangaji wakati anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, hivyo mkataba useme mapema nani atabeba, kabla mpangaji hajaanza kuikata mwenyewe kwenye kodi ya pango. Vyumba sita vikitumia mita moja, kila chumba kifungiwe mita yake ndogo. Kwa msafirishaji aliye safarini wiki tatu kwa mwezi, kodi ilipwe benki au kwa simu moja kwa moja kwake, na msimamizi abaki na kazi ya kukagua nyumba bila kushika fedha.